Mlinganyo Mmoja Hautoshi

Jumanne jioni binamu yangu aliitwa mwizi mbele ya wateja watatu na mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa kwa mlango wa duka. Mbuzi ndiye peke yake ambaye hakumwangalia vibaya.

Mimi nilikuwa nyuma ya duka nikihariri video. Nilisikia shangazi akipaza sauti na nikajua hii si ile kelele yake ya kawaida ya kufukuza watoto kwa maji. Nilipotoka nikampata ameshika daftari la kijana juu kama karatasi ya mashtaka.

Kwa wale hamjawahi kufika Lorugum: ukiwa Lodwar, usifuate lami ya kwenda Kakuma. Shika njia ya magharibi, upande wa milima ya Loima, ndio utatupata. Mchanga, jua, mathenge kila mahali, bodaboda chini ya mti. Shangazi ana duka hapa. Vitu vingi ananunua kwa jumla huko Lodwar, lakini goti lake limekataa safari, kwa hivyo likizo hii anatuma binamu yangu. Ana miaka 16, yuko shule ya sekondari, na ni ule msee mtulivu ambaye ukimwambia kaa hapa, ukirudi baada ya saa mbili utampata hapo hapo.

Alikuwa ameenda mara mbili. Keshi mkononi, kwa sababu mtandao wetu siku zingine unalala na yule muuzaji wa jumla anataka pesa anayoishika. Risiti hakuna. Kijana wa kaunta anabonyeza kikokotoo, anakugeuzia kioo uone jumla, unalipa, mambo kwisha. Binamu akifika nyumbani anaandika kwa daftari lake. Aliandika hivi:

Safari ya kwanza: beli 3 za unga, katoni 2 za sabuni. Jumla 8,500.

Safari ya pili: beli 5 za unga, katoni 4 za sabuni. Jumla 15,100.

Basi. Hakuna bei ya beli moja, hakuna bei ya katoni moja. Jumla tu.

Sasa shangazi mara ya mwisho kuenda Lodwar mwenyewe alinunua unga 1,700 kwa beli na sabuni 1,400 kwa katoni. Hizo namba ziko kichwani kwake kama jina lake. Akapiga hesabu hapo hapo, bila karatasi, na mimi nakwambia huyu mama hajamaliza hata darasa la nne lakini hesabu ya pesa humdanganyi:

"Beli tatu ni 5,100. Sabuni mbili 2,800. Hiyo ni 7,900. Umeniambia 8,500. Mia sita iko wapi? Safari ya pili ilikuwa 14,100, wewe umeniambia 15,100. Elfu moja iko wapi? Elfu moja mia sita yangu iko wapi?"

Binamu akasema, "Mama, mimi nililipa venye walinionyesha."

"Walikuonyesha nini? Viatu?"

Kusema kweli kijana alikuwa na sandali mpya. Za mia mbili, lakini mpya. Na mtu akishaamua wewe ni mwizi, hata sandali zinakuwa ushahidi.

Shangazi akasema maneno mawili ambayo hayakunitoka usiku huo. La kwanza, hatamtuma tena. La pili, shule zikifunguliwa ajue mwenyewe, kwa sababu hawezi kuuza unga usiku na mchana kulipia karo mtu anayemwibia. Aende kwa mjomba akachunge mbuzi, mbuzi hawana kikokotoo. Binamu hakujibu. Alichukua shuka lake akaenda kulala kwa rafiki.

Kuchunga si aibu, msinielewe vibaya, sisi wote tumetoka huko. Lakini kuna tofauti ya kuchagua mbuzi na kusukumwa kwa mbuzi.

Nilikaa na lile daftari. Nikaangalia zile namba mbili, na kitu fulani kikaniambia: dada, hii unaijua. Hii ni simultenias.

Najua. Wengine wenu mmeshatoka hapo. Kaeni kidogo, nitawaeleza kama ningemweleza mtu kwa bodaboda.

Simultenias, kwa Kiswahili chetu tuseme milinganyo miwili ya pamoja, ni hali ambapo kuna vitu viwili huvijui, na una habari mbili zinazogusa vitu vyote viwili. Hapa nisichokijua ni bei ya beli moja ya unga, niiite u, na bei ya katoni moja ya sabuni, niiite s. Shika hapo, kwa sababu ndipo wengi tulianguka kidato cha kwanza: u si unga. u ni pesa. Ni bei ya beli moja. Ukifikiri u ni unga, utajipata ukijumlisha unga na sabuni, na hicho ni chakula ambacho hakuna mtu atakula.

Sasa daftari la binamu linasema:

3u + 2s = 8,500
5u + 4s = 15,100

Anza na mstari wa kwanza peke yake, ufunike wa pili na kidole. Bei ni ngapi? Labda unga 1,700 na sabuni 1,700. Piga: 5,100 na 3,400, inakuja 8,500. Inakubali. Labda unga 1,500 na sabuni 2,000. 4,500 na 4,000, 8,500. Inakubali pia. Labda unga 2,100 na sabuni 1,100. 6,300 na 2,200. Bado 8,500. Unaweza kukaa hapo mpaka asubuhi ukitoa majibu, na kila jibu litakuwa sawa.

Yaani ukiwa na vitu viwili huvijui na habari moja, utapata jibu lolote unalotaka. Huna hata haja ya kudanganya. Unachagua tu lile ambalo moyo wako ulikuwa umeshalichagua.

Sasa ondoa kidole, mstari wa pili uingie.

Kwa mstari wa kwanza kuna sabuni mbili, kwa wa pili kuna nne. Nataka sabuni zilingane ili nizifute. Kwa hivyo mstari wa kwanza nauzidisha wote kwa mbili, kila kitu, hata jumla. Ukisahau kuzidisha jumla umeisha.

6u + 4s = 17,000
5u + 4s = 15,100

Toa wa chini kutoka kwa wa juu. Sabuni nne toa sabuni nne, zimeenda. Beli sita toa beli tano, imebaki moja. 17,000 toa 15,100 ni 1,900.

u = 1,900.

Beli moja ni 1,900. Rudisha kwa mstari wa kwanza: beli tatu ni 5,700, zinabaki 2,800 za katoni mbili, kwa hivyo katoni moja ni 1,400. Hakikisha na mstari wa pili: beli tano 9,500, katoni nne 5,600, jumla 15,100. Imefunga.

Kama hupendi kufuta, kuna njia ya kuingiza. Unasema s ni 4,250 ukitoa u moja na nusu, halafu popote ukiona s kwa mstari wa pili unaweka hiyo. Utafika 1,900 ile ile. Na kama wewe ni mtu wa michoro, kila mlinganyo ni mstari kwa karatasi, na jibu ni pale mistari miwili inapokutana, kama vile njia ya kutoka Lorugum na ile ya kutoka Kakuma zinavyokutana Lodwar. Ukiambiwa mtu yuko kwa njia ya Lorugum, bado hujui yuko wapi. Ukiambiwa pia yuko kwa njia ya Kakuma, mtu huyo yuko Lodwar, mpigie simu.

Angalia sabuni ilivyokuja: 1,400. Bei ile ile ambayo shangazi anaijua. Unga peke yake ndio umepanda mia mbili. Nikasema aha! Bei ya unga imepanda, kijana ni msafi, kesi imeisha, nipewe wigi la jaji.

Nikajaribu pia upande wa pili, ule wa wizi. Tuseme bei hazijabadilika, unga ni 1,700, sabuni 1,400, na kijana anakula 500 kila safari. Angeandika 8,400 na 14,600. Ukisuluhisha hizo unapata unga 2,200 na sabuni 900. Katoni ya sabuni 900, Lodwar? Hata ya wizi haiuzwi hivyo. Yaani mtu akiiba kwa mkupuo, hesabu yenyewe inaanza kunuka. Uongo wake unajitokeza mahali ambapo hata hakugusa, kwa bei ya sabuni.

Hapo nilikuwa nimefurahi sana. Niliamka asubuhi na daftari, nikampata shangazi anapanga nyanya.

"Anti, nimepata. Kijana hajaiba."

Nikamwonyesha kila hatua. Aliangalia bila kunikatiza, na mjue huyu mama hukatiza hata redio. Nilipomaliza akaniuliza:

"Hiyo mia mbili imeongezeka kwa kila beli?"

"Ndio anti."

"Na kama yeye ndiye anaiongeza? Kila beli, anakula mia mbili. Hesabu yako ingetoka vipi?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Kwa sababu ingetoka vile vile. Mia mbili mara beli tatu ni 600. Mia mbili mara beli tano ni 1,000. Ndizo zile pesa alizosema zimepotea. Mwizi mwenye nidhamu, anayekula mia mbili kwa kila beli bila kukosa, angeniletea 1,900 safi kama mtu mwaminifu. Karatasi yangu ilikuwa inasema bei iliyoandikwa kwa daftari. Haikuwa inasema ni nani aliyeiweka hapo.

Mimi ndiye niliyekanyaga chuo. Yeye ndiye aliyeona shimo.

Nilitembea mpaka kwa mti wa bodaboda nikakaa. Nilikuwa na aibu, lakini nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kuelewa darasani. Milinganyo yangu miwili ilitoka kwa mdomo mmoja. Ilitosha kupata namba mbili. Haikutosha kujua kama mdomo wenyewe ni wa kweli. Kwa hilo nilihitaji habari ya tatu, itoke mahali pengine kabisa, ambapo binamu hana mkono. Hesabu ilikuwa imefanya kazi yake: imenipa namba ya kwenda kuuliza. Kuuliza kwenyewe ilibaki kazi ya miguu.

Nikapanda Probox kwenda Lodwar. Tulikuwa watu wengi kuliko viti, mimi nikiwa nimekalia nusu ya mguu wa mama mmoja. Nilipofika kwa yule muuzaji wa jumla sikusema mimi ni nani. Nilisimama kama mteja wa kawaida nikauliza:

"Beli ya unga ni ngapi?"

"1,900."

"Si ilikuwa 1,700?"

"Hiyo ni ya zamani. Ilipanda mwanzo wa mwezi."

"Na katoni ya sabuni?"

"1,400, hiyo haijasonga."

Nilimwomba aniandikie kwa karatasi, bei ya kila kitu, na apige muhuri. Aliniangalia kama mtu wa ushuru lakini akaandika. Nikatoka nje nikasimama kwa jua la Lodwar nikicheka peke yangu. Sijawahi kupenda namba namna hiyo.

Shangazi aliisoma ile karatasi mara mbili. Hakusema "nilikosea". Wazazi wetu hawana hilo neno, au wanalo lakini wanalitunza la krismasi. Aliniambia, "Nenda umwite huyo mtoto aje akunywe chai." Binamu alipokuja akapata kikombe kimejaa, sukari si haba. Wakakaa kimya. Halafu shangazi akamsukumia daftari lake na kalamu mpya kutoka kwa rafu ya duka, ile ya kuuza.

"Kesho kutwa utaenda. Na uandike bei ya kila kitu, moja moja. Si jumla tu."

"Sawa, mama."

Hiyo ndiyo ilikuwa msamaha. Shule zikifunguliwa ataenda, hilo limeshaongelewa.

Sasa, ningeishia hapo ingekuwa video nzuri ya dakika tatu. Lakini kuna sehemu yangu.

Mnajua mimi niliacha chuo. Nimekuwa nikifanya mzaha nayo hapa, "profesa wa mtaani" na nini. Kile sijawaambia ni jinsi watu wa nyumbani walivyonisuluhisha. Nilirudi na begi mbili, na kufikia jioni kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema ni sherehe. Wengine wakasema nina mimba, wakawa wanaangalia tumbo langu kwa miezi. Mzee mmoja akasema kichwa changu kilikuwa kidogo kwa kile chuo. Na mimi nikiulizwa nilikuwa nasema jambo moja tu: karo. Karo ilinishinda.

Kumbuka kidole juu ya mstari wa pili. Habari moja: alitoka chuo. Visivyojulikana viwili: pesa zilikuwa na uzito gani, na mimi mwenyewe nilikuwa na uzito gani. Ukiwa na hiyo habari moja unaweza kuweka jibu lolote. Kijiji kiliweka la kwake na mimi nikaweka la kwangu, na yote yalikubali.

Lakini mimi ninao mstari wa pili. Nimekuwa nao siku zote, nilikuwa nimeufunika.

Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, karo yangu ililipwa yote. Familia iliuza mbuzi. Sikudaiwa hata shilingi, na bado nilikosa madarasa, nikafeli masomo mawili, nikajificha kwa chumba nikitazama video za watu wengine. Pesa ilikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo.

Muhula uliofuata niliamka. Nilihudhuria kila darasa, nikaketi mbele, nikafanya kazi zote. Wakati wa mtihani sikuruhusiwa kuingia kwa sababu ya deni la karo. Mimi nilikuwepo. Pesa ndiyo haikuwepo.

Weka hiyo mihula miwili pamoja uniambie jibu. Si karo peke yake. Si uvivu peke yake. Ni zote mbili, na kila moja ina kiasi chake. Nikiwaambia ni karo tu, nawadanganya, na mbaya zaidi najidanganya, kwa sababu nikirudi chuo kesho na karo imelipwa, ile sehemu yangu itanisubiri mlangoni. Kijiji kikisema ni mimi tu, nacho kinadanganya, kwa sababu kuna kina dada na kaka wengi kutoka huku waliofanya kila kitu sawa wakazuiwa na deni.

Jumatano usiku nilimwambia mama yangu hili lote, ile ya muhula wa mbuzi hasa. Hakuwa anaijua. Alinyamaza sana. Sijui kama tumemaliza. Lakini angalau sasa sisi wawili tunaangalia mistari yote miwili.

Mambo matatu nimejifunza, kisha niwaache.

La kwanza: habari iliyorudiwa si habari mpya. Kama safari ya pili binamu angenunua beli 6 na katoni 4 kwa 17,000, hiyo ni safari ya kwanza mara mbili tu. Ukijaribu kusuluhisha, kila kitu kinafutana unabaki na sufuri ni sawa na sufuri. Haikwambii kitu. Sasa fikiria zile stori za WhatsApp. Watu kumi wakituma uvumi mmoja, hujapata ushahidi kumi. Umepata mlinganyo mmoja umezidishwa kwa kumi. Uliza: nani alikuwa pale kivyake?

La pili: mistari mingine haikutani kabisa. Kama angesema beli 6 na katoni 4 ni 17,600, na huku beli 3 na katoni 2 ni 8,500, hakuna bei duniani inayoweza kutimiza zote mbili. Hapo usilazimishe jibu. Ama bei ilibadilika katikati, ama mtu amekosea, ama mtu anadanganya. Hesabu inakwambia tu: rudi uulize.

La tatu: hii kitu si ya kututesa tu shuleni. Kuna kitabu cha Wachina cha karibu miaka 2,000 iliyopita, Jiuzhang Suanshu, na sura yake ya nane yote ni hii hii. Swali lake la kwanza ni la nini? Mafungu ya nafaka. Daraja tatu za nafaka, mafungu kadhaa ya kila moja, jumla zimetolewa, tafuta kila fungu linatoa kiasi gani. Mwaka 263 mtaalamu anayeitwa Liu Hui akaandika maelezo ya kile kitabu. Walipanga vijiti kwa safu, wakafuta kimoja baada ya kingine, kama nilivyofuta sabuni. Yaani kitambo sana kabla ya duka la shangazi kuna mtu alikuwa anauliza bei ya unga wake ni ngapi kweli.

Na neno aljebra lenyewe limetoka kwa Kiarabu, al-jabr, kutoka kwa kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Maana yake ni kurudishia, kuunganisha. Lilitumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Nilipolisoma hilo nilifikiria kikombe cha chai cha binamu.

Kwa mtihani wa KCSE, ukikosea jibu lakini njia yako ni sawa, unapata alama ya njia. Mtaani hakuna alama ya njia. Watu wanaangalia jibu tu: ametoka chuo, ana sandali mpya, pesa haitoshi. Kwa hivyo kabla hujamwita mtu mwizi, au mlevi, au mjinga, hesabu: ni vitu vingapi huvijui, na una habari ngapi za kweli? Kama huvijui viwili na una habari moja, nyamaza kwanza. Katafute ya pili. Na kama zote mbili zimetoka kwa mdomo mmoja, panda Probox.

Haya, kazi ya nyumbani. Umeingia hoteli moja Kakuma na marafiki. Meza yenu imekula mandazi 4 na chai 2, mkalipa 100. Meza ya pili imekula mandazi 8 na chai 4, wakalipa 200. Meza ya tatu imekula mandazi 3 na chai 5, wakalipa 180. Andazi ni ngapi, chai ni ngapi? Na ni meza gani haina haja ya kuulizwa?

Usiniandikie jibu tu. Niandikie njia. Hapa kwangu njia ina alama.